Maganda ya Watu Wawili

Balozi wa nyumba kumi alipopita kwetu Nyasubi kuandikisha ada ya taka, hakuuliza vyumba. Aliuliza, "Humu mnakula wangapi?" Kila kinywa kilikuwa na ada yake. Nikamjibu "wawili" kabla hajafungua daftari vizuri. Mume wangu alikuwa na msimu wa pili machimboni Mwakitolyo, na barua yake ya mwisho ilikwisha kuchanika mikunjoni kwa kusomwa. Lakini ningesema mmoja, ningekuwa nimemtoa nyumbani kwa mdomo wangu mwenyewe. Sikuwa tayari.

Ilikuwa ile miaka ya foleni, mwanzoni mwa themanini. Trekta la kuzoa taka lilikuwa bovu siku nyingi kuliko lilivyokuwa zima, na jalala la mtaa lilikuwa linakisogelea kisima. Wanawake tukachoka kungoja. Tukachimba shimo la mboji: maganda, majani, majivu, samadi kidogo, udongo juu. Jalala likapungua, nzi wakapungua, na mchicha uliopandwa kwa udongo ule ulistawi hadi wapita njia wakasimama kuutazama. Balozi naye akatupunguzia ada.

Ubaya wa shimo la pamoja ni kwamba beseni la mtu husema alichokula. Kila asubuhi tulikutana pale, na langu lilikuwa na ganda la kiazi kimoja na kitunguu nusu. Jirani yangu, bibi mmoja muuza vitumbua, mwenye ulimi usiolala, akachungulia.

"Bi harusi, huyo mumeo anadonoa kama kuku?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote, nikarudi ndani nikakaa chini mlangoni.

Tangu siku hiyo sikujichemshia tena kiazi kimoja; nikawa napika ugali na mboga za watu wawili. Nilimwekea mume wangu sahani yake, nikaifunika, nikala yangu huku nikiitazama ile. Asubuhi ugali wake niliufukia chini ya maganda nikaumwaga shimoni. Unga niliousimamia foleni tangu alfajiri! Mungu anisamehe. Nilijua ni dhambi, lakini sahani moja mezani ilikuwa inanitisha kuliko dhambi.

Ugali ukaharibu shimo. Likaanza kunuka uchachu, panya wakaja, mbwa wakalifukua hadi taka zikarudi barabarani tulikozitoa. Asubuhi moja bibi akashika jembe akachimbua mbele yetu sote. Yakatoka mabonge meupe, mengine yakiwa bado na alama za mwiko.

"Mayu wane, mama yangu!" alisema mama mmoja wa watoto saba. "Wanangu jana wamelalia uji. Nani anamwaga ugali?"

Ningeweza kunyamaza, nani angenidhania mimi, mwenye beseni dogo kuliko wote? Lakini nilimtazama yule mama, mikono yake imekauka kama kuni, nikaona aibu nyingine kubwa kuliko ile niliyokuwa nikiificha.

"Ni mimi," nikasema. "Ni sahani ya mume wangu."

"Kwani karudi lini?" akauliza bibi.

"Hajarudi."

Nilitaka wanigombeze. Nilikuwa nimejikaza kisabuni kungoja matusi. Badala yake yule mama wa watoto saba alitazama pembeni, akaanza kukusanya mabonge kwa mikono, na wengine wakaleta majivu. Bibi alinishika bega.

"Mwanangu," akasema polepole, "pika ya kwako."

Jioni nikawasha moto. Kwetu nilikozaliwa tulikuwa kumi na mmoja, na nilipotoka huko nilikwenda moja kwa moja kwa mume. Nikasimama jikoni na kata ya maji mkononi, mwanamke mzima, sijui ugali wa mtu mmoja unataka maji kiasi gani.