Tone Jeupe Shingoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilimfuta bibi wa watu shingo mara mbili kwa kitambaa cha maji baridi, na baridi ya Njombe mnaijua. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nimeajiriwa mhudumu wa chumba cha eksirei, na tayari nilijiona nusu daktari. Bibi alikuwa ametoka Kichiwa kwa sababu chakula kilimkwama kooni. Kazi yangu ilikuwa kumkorogea bariamu, unga mweupe unaokorogwa ukawa kama uji wa chokaa. Mgonjwa akiumeza, njia ya chakula huonekana nyeupe kwenye picha.

Mkuu wa Chumba alibonyeza mashine, mimi nikaingia chumba cha giza kuosha picha. Nikaona tone jeupe shingoni. Asubuhi ile ile nilikuwa nimefundishwa kwamba bariamu ikidondokea ngozi nayo huonekana, basi nikajua amejimwagia. Nikamfuta, tukapiga tena. Tone lipo. Nikamfuta kwa nguvu zaidi. Tone lipo.

"Imeharibika tena, Mkuu. Bibi anajimwagia."

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "ungeniletea na sabuni, nioge kabisa."

Mkuu akainua picha kwenye taa, ingali inachuruzika maji. Akamgeuza bibi ubavu, tukapiga nyingine. Tone lilikuwa nyuma ya koo, limening'inia.

"Kijana, unafuta nje kitu kilicho ndani. Hicho ni kifuko. Umempa mama wa watu mionzi ya bure."

Nikaelezwa hivi. Pale koo linapoungana na umio, yaani bomba la chakula, kuna msuli unaotakiwa kulegea mtu akimeza. Kwa baadhi ya wazee haulegei vizuri. Chakula kinasukuma, ukuta wa koo juu ya msuli unatuna kwa nyuma, na hicho ndicho kifuko. Chakula huingia humo kikakaa, kisha saa kadhaa baadaye hurudi mdomoni kama kilivyoliwa. Pumzi inanuka, shingo inatoa mlio wa maji, kikohozi kinakuja mtu akijilaza, nguo zinaanza kumpwaya. Mkuu alikuwa mkali juu ya jambo moja: mtu mwenye dalili hizo asipitishwe mpira wa uchunguzi kooni kabla ya picha, maana mpira unaweza kuingia kifukoni na kukitoboa.

Dawa ya kumeza haikiondoi. Kikiwa kidogo na hakisumbui, huachwa. Kikisumbua, msuli ule hukatwa, kupitia shingoni au mdomoni, kutegemea mgonjwa na vifaa. Bibi alikatwa na Daktari wa Koo wa hospitali ya rufaa, akarudi kwetu na viazi vya kuchemsha. "Nimekuja kula mbele yako," aliniambia, "na leo usinifute."

Baadaye nikahamishiwa Makambako. Mimi ni mtu wa nyumbani, nikaenda kulalamika kwa Mganga Mfawidhi, daktari mkuu wa hospitali yetu.

"Makambako si ng'ambo," alisema. "Ni mwendo wa saa moja."

"Sawa, Mganga. Ila usingizi wangu umezoea Njombe."

"Basi beba mto."

Nikaubeba kweli. Huko Makambako alikuja mzee mmoja mfanyabiashara wa mbao, mwenye kifuko kikubwa kuliko cha bibi. Akaandikiwa rufaa. Akasema ataenda akimaliza kupasua mbao zake. Aliporudi hakuja kupigwa picha ya koo, alikuja kupigwa ya kifua. Chakula cha kifukoni kilikuwa kimeingia mapafuni, akapata nimonia. Niliiosha picha ile mwenyewe. Hakutoka wodini akiwa hai.

Nimestaafu, nimerudi Njombe, na sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Tangu mvua zianze, maharage ya mchana yananirudia jioni yakiwa mazima. Kwanza nililaumu meno ya bandia. Kisha nikalaumu mapishi ya mke wangu, akabadilisha sufuria. Jumapili moja, kanisani, katikati ya sala ya kimya, shingo yangu ikatoa mlio kama chupa inayojazwa maji. Mama Upendo, jirani yangu, aligeuka kunitazama.

Nikaenda kwenye chumba changu cha zamani. Walinikorogea bariamu, yenye mabonge, nikameza. Picha ilipowekwa kwenye taa, mkono wangu ulienda wenyewe shingoni kufuta.

Barua ya rufaa iko ndani ya Biblia. Nimeshaacha tarehe mbili zipite: ya kwanza kwa ajili ya palizi ya viazi, ya pili bila sababu yoyote. Ukweli ni kwamba naogopa dawa ya usingizi, na naogopa kitanda cha watu. Nakula nimekaa wima, natafuna hadi ugali unakuwa uji, nashushia maji. Suruali naifunga kwa kamba. Kila nikikohoa namkumbuka mzee wa mbao.

Jana Mama Upendo alinikuta naandika haya. Nikamwambia nawausia vijana wasichelewe hospitali. Akayachukua makaratasi, akasoma yote amesimama. Nilitegemea acheke, hakucheka. Akanirudishia, akasema:

"Yule mzee alikuwa na mbao za kupasua. Wewe huna hata ubao, una mto tu. Ubebe, Jumatatu twende."