Nyoka Kwenye Jiwe la Mwalimu

Niliondoka Nanyuki siku ya Alhamisi kwa sababu ya nyoka niliyemchora mwenyewe. Natanguliza hilo ili msomaji asidhani nilikwenda kutalii.

Jumatano mchana, nikiwa mezani, nilipigiwa simu kutoka Othaya na Mama Miriamu, mjane wa mwalimu aliyenifundisha historia sekondari. Hakuuliza habari za watoto wala za mvua. Alisema, "Daudi, kuna nyoka kwa jiwe ya mwalimu. Kuja uitoe," kisha akakata. Mimi, mtu wa miaka hamsini na miwili mwenye shahada mbili, nilibaki na kijiko hewani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini bila kuambiwa kosa.

Ila kosa nililijua. Mwalimu Stefano hakuwahi kufika Misri, lakini alikuwa na kalenda ya zamani yenye picha za mahekalu ya huko, na kutokana nayo alitufundisha maandishi ya Wamisri wa kale, yale ambayo kila herufi ni ndege, mkono, maji au mnyama. Aliandika majina yetu ubaoni kwa chaki za rangi. Kipindi kikiisha alikataa kuyafuta. Alisema Wamisri waliamini kwamba jina likichongwa mwenyewe yu hai, na likifutwa amekufa mara ya pili, kwa hiyo kila mmoja wetu aende akafute lake kwa mkono wake. Kwa ajili yake nilisomea maandishi hayo chuo kikuu, muhula mmoja, na muhula huo nimeutumia kujivunia maisha yangu yote.

Mwaka jana aliugua miezi mitano. Kila aliponipigia nilimwambia nakuja wiki ijayo. Wiki hiyo ijayo ilifika akiwa ndani ya jeneza. Mazishini, kwa aibu, nilisimama nikaahidi mbele ya watu wote kwamba jina lake litachongwa kaburini kwa mwandiko wa wafalme wa Misri, nami ndiye nitakayeliandika. Watu walipiga makofi. Kumbe aibu ikipigiwa makofi hugeuka kuwa kazi.

Wamisri hawakuandika irabu, hivyo Stefano ni alama nne tu: kitambaa kilichokunjwa, mkate, nyoka mwenye pembe, na maji. Nilizichora kwenye karatasi, nikazizungushia ile kamba ya duara wanayowekewa wafalme, nikaituma kwa fundi wa mawe wa Gakindu. Jiwe lilitakiwa kuzinduliwa Jumamosi, mwaka mmoja tangu azikwe. Nyoka hakunipitia akilini hata kidogo. Niliona herufi.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa barabarani. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, theluji na yote, na kwa kawaida mimi husimama Naro Moru kuutazama. Siku hiyo niliona heri usinitazame. Nilikuwa nikifanya mazoezi ya maelezo yangu kwa sauti ndani ya gari, na kila nilipofika kwenye neno "nyoka" nilipunguza mwendo bila kujua, hadi lori la viazi likanipigia honi.

Kiganjo nilisimama kunywa chai. Nilichora upya jina la mwalimu kwenye risiti, nikijaribu kutafuta njia ya kumwepuka nyoka. Hakuna. Herufi F Wamisri waliiandika kwa nyoka, na ukimtoa yule nyoka huna Stefano. Una kitambaa, mkate na maji, yaani una chakula cha msafiri, huna mtu.

Nyeri mjini nilipita bila kusimama, jambo ambalo halijawahi kunitokea, na saa nne na nusu nikashuka vilima vya chai kuingia Othaya. Kwa Mama Miriamu nilikuta mzee wa kanisa amefika kabla yangu, yuko kwenye kikombe cha pili. Huyu mzee ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alinieleza taratibu, akiwa ameshika kofia magotini, kwamba yeye binafsi hana neno na Wamisri, hata Yusufu alikaa kwao, lakini hakuna atakayeliombea Jumamosi jiwe lenye nyoka. Akapendekeza saruji. Sehemu ile izibwe, jina liandikwe kwa herufi za kawaida kama watu wengine, na mambo yaishe.

Mama Miriamu alikuwa akimenya nduma za chakula cha mchana. Nilimgeukia yeye. Nilimweleza kwamba pale hakuna nyoka hasa, kuna sauti tu, kama vile sisi tunavyoandika F kwa kijiti na vistari viwili. Nilieleza vizuri sana. Aliniacha nimalize.

"Kama ni sauti tu," alisema, "mbona iko na macho?"

Akaniletea simu yake niione picha aliyotumiwa na fundi. Kweli nyoka alikuwa na macho. Sikuwa nimemwagiza fundi macho. Aliyaweka kwa bidii yake mwenyewe, na yalikuwa yakitazama moja kwa moja.

Alinitoa nje hadi kaburini, nyuma ya nyumba, mahali migomba inapoishia. Kaburi la mwalimu lilikuwa upande wa kushoto. Upande wa kulia kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, imefagiliwa.

"Hapa ni kwangu," alisema. "Tumeishi na yeye miaka arobaini na moja, na jiwe ni moja, mnajua. Sasa niambie, Daudi. Mimi nitalala hapa na nyoka kichwani mpaka Yesu arudi? Ikikaa hiyo nyoka, nizikeni kwa kaka yangu Mweiga."

 Maisha yote nimekuwa nikiamini kwamba hofu ya watu huisha ukiwaelimisha, na hapa palikuwa na mwanamke ambaye alikuwa ameelewa kila neno na hofu iko palepale. Kibaya zaidi, alikuwa na haki. Nilimfanya achague kati ya jina la mumewe na mahali pa kulala kando yake. Yote hayo kwa sababu sikupata nafasi ya kuendesha gari kwa muda wa saa mbili kwenda kumwona mgonjwa.

Jioni hiyo, kabla maduka hayajafungwa, nilinunua mfuko wa saruji na mwiko mdogo.

Ijumaa asubuhi nilishika njia ya Gakindu, saruji ikiwa kwenye buti ya gari. Ni njia ya kupanda na kushuka kati ya mashamba ya kahawa, na kila gari lilipoinama kwenye kona nilisikia ule mfuko ukigonga ubavuni, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Nitaziba. Lakini nilikumbuka mwalimu akitunyoshea kitambaa cha ubao, akikataa kufuta hata jina la yule mvulana aliyekuwa akimwigiza mwendo.  Kati ya wanafunzi wake wote, mimi ndiye niliyekuwa nikienda kulifuta la kwake.

Fundi Kariuki ana karakana ya mabati karibu na soko la Gakindu. Nje kumejaa misalaba, na kuna malaika mmoja wa jiwe ambaye, ukimwangalia vizuri, ana uso wa fundi mwenyewe. Ni mtu mfupi, mikono mipana, na tangu nimtumie karatasi yangu huniita Profesa, kwa namna ambayo nikilalamika nitaonekana mshamba.

Hakuningoja nifungue buti. Alisema Mama alimpigia jana, amemlilia, na yeye hawezi kukaa na kilio cha mama mjane. Kwa hiyo tayari ameshughulikia.

"Umeshughulikia vipi?"

"Nimemkata."

Akavuta gunia lililofunika jiwe. Lilikuwa jiwe zuri kuliko nilivyostahili. Kitambaa, mkate, maji, na ile kamba ya kifalme ikizunguka yote kwa fundo safi. Na katikati nyoka wangu, amekatwa shingoni. Fundi alikuwa amechimba pengo la upana wa vidole viwili, kichwa kikabaki upande huu na mwili upande ule, kila kimoja peke yake. Macho alikuwa ameyakwangua kwa ncha ya patasi.

 Nilikaa kwenye kitu cha kwanza nilichokiona.

"Profesa, huo msalaba ni wa mtu," alisema fundi.

Nilihamia kwenye ndoo. Nikamwambia ameharibu, kwamba sasa jina si jina. Fundi hakukasirika. Alinieleza kama mtu anavyomweleza mgeni. Ukiua nyoka kwenye kahawa, alisema, huachi kichwa na mwili pamoja. Unakata, kichwa unakizika mbali, kwa sababu kichwa cha nyoka hata kikifa bado kina meno, na mtoto akipita bila viatu kitamuuma. "Ukimtoa kabisa, mwalimu hana jina. Uliniambia hivyo wewe mwenyewe kwa simu uliponitumia karatasi. Ukimwacha mzima, mama hana pa kulala. Sasa ningefanya nini? Yupo, lakini haumi."

Nilifungua mdomo nimjibu, na hapo ndipo nilipokumbuka. Muhula wangu ule mmoja, kwenye chumba chenye joto, mhadhiri alituonyesha picha ya ukuta wa chumba cha maziko ndani ya piramidi. Nyoka wote ukutani walikuwa wamekatwa vipande. Simba walikuwa nusu, watu wamechongwa bila miguu, nge hana mkia. Nilidhani ukuta umeharibika kwa uzee, na mhadhiri akasema hapana, waandishi ndio waliofanya hivyo makusudi. Usiku huohuo mfalme anapozikwa, herufi zake ziko naye mle gizani, na herufi zina uhai. Zisipokatwa zitamuuma. Niliyaandika haya kwenye daftari, nikayajibia mtihani, nikapata alama nzuri, nikayasahau. Mimi nilijifunza kuzisoma. Sikuwahi kujiuliza wenyewe walilala nazo vipi.

Nilimweleza Fundi Kariuki yote hayo kwa pumzi moja: kwamba alichokifanya ndicho walichokifanya wao, na kwamba hata nyoka akiwa vipande viwili waliendelea kumsoma vilevile, kwa hiyo jina ni zima. Alinisikiliza huku akipangusa patasi kwenye suruali.

"Kwa hivyo hao pia walikuwa na kahawa?" aliuliza.

Saa nane mchana tulipakia jiwe kwenye pikapu ya jirani yake, nami nikafuata nyuma nikiwa sina amani hata kidogo. Kuwaridhisha fundi na wafalme waliokufa ni jambo moja. Mama Miriamu ni jambo jingine. Kila pikapu iliporuka shimo nilifumba macho, ambayo si tabia nzuri kwa mtu anayeendesha.

Othaya, tulilishusha mbele ya mlango. Mama Miriamu alitoka na leso yake begani. Hakunisalimu. Aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya kitambaa, juu ya mkate, kisha akakifikisha kwenye lile pengo na kukiacha humo. Mzee wa kanisa alisimama nyuma yake. Nami nikasimama nyuma ya mzee.

"Nani alikata?"

"Ni mimi, mama," alisema fundi.

"Hicho kichwa kinaweza kurudi kwa mwili?"

"Hapana. Hapo katikati ni shimo mpaka ndani."

Alikitoa kidole pengoni. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi, akauliza fundi amekula saa ngapi. Nilichelewa kuelewa kwamba hilo ndilo lililokuwa jibu.

Jumamosi saa nne jiwe lilisimamishwa, na saruji yangu ikapata kazi ya halali, maana ndiyo iliyolishikilia. Mzee wa kanisa alihubiri juu ya uzao wa mwanamke utakaoponda kichwa cha nyoka, akalinyoshea jiwe kidole, na kufikia mwisho wa mahubiri wageni wengi walikuwa wamekwisha kuamini kwamba wazo lilikuwa lake. Fundi Kariuki alinikonyeza. Sikuona sababu ya kubisha. Wazo langu ndilo lililotuletea nyoka.

Watu walipotawanyika kwenda kula, Mama Miriamu alinishika mkono tukabaki sisi wawili. Upande wa kulia wa jiwe ulikuwa mtupu na laini.

"Langu nalo litakuwa na mnyama gani?"

Hilo nilikuwa nimelihesabu njiani, na nilikuwa nimemwomba Mungu mama asiniulize. Miriamu ni alama tatu. Ya kwanza ni bundi. Ya pili ni mdomo. Ya tatu ni bundi tena. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa bundi akilia juu ya paa anamaanisha nini. Nilifikiria kusema uongo, nikaangalia lile jiwe, nikashindwa.

"Bundi, mama," nilisema. "Wawili."

Alinitazama, kisha akatazama ile nafasi iliyofagiliwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa hofu yangu nilidhani analia.

"Wacha wakae," alisema akicheka. "Bundi kazi yake ni kuita mtu. Mimi nikiwa hapo nitakuwa nimeshaitwa."

Jumapili nilirudi nyumbani bila haraka, na Naro Moru nilisimama kama kawaida yangu, ingawa mlima ulikuwa umejifunika. Nilitoa ile risiti ya Kiganjo nikaandika jina langu mwenyewe nyuma yake. Sikuwa nimeliandika tangu siku za ubao. Daudi, ukiondoa irabu, ni alama mbili: mkono, na mkono. Hakuna wa kukatwa hapo, hakuna wa kumtisha mtu kaburini. Mikono miwili tu, mizima, iliyo wazi, na nimekuwa nikijiuliza tangu hapo ilikuwa imeshika nini miezi mitano yote ile ya ugonjwa wa mwalimu.