Umande wa Kibirichia

Niliondoka Kiritiri kwa sababu dada yangu Wanja, aliyeolewa Kibirichia kule Meru, alinipigia simu akilia. Viazi vya jirani yake vilikuwa vinaoza, na vya Wanja ndivyo tegemeo la nyumba yake nzima. Mimi hufundisha bayolojia, basi niliazima hadubini ya shule.

Njiani, Embu mjini, nilinunua sweta. Sisi watu wa nyanda kavu huicheka baridi mpaka itukute.

Jioni, Kibirichia, majani ya Wanja yalikuwa safi. Ya Mama Kendi, jirani, yalikuwa na mabaka meusi, na chini yake utando mweupe.

"Hii ni baridi tu, mwalimu," Mama Kendi aliniambia. "Mungu akileta baridi, utafanya nini?"

Alfajiri nilitia jani lake katika maji baridi. Muda si muda, kikundi cha akina mama, Mama Kendi akiwa kati yao, kikatoka shambani kwake kuja kumpandishia Wanja viazi udongo, sketi zimelowa umande. Ndiyo desturi yao: kuanza kabla ya jua, shamba baada ya shamba. Wanja alisimama langoni, asijue awazuie au awakaribishe. Kumfukuza aliyekuja kukusaidia ni tusi.

Nikawaita kwenye hadubini. Ndani ya tone la maji, vijidudu viliogelea kwa mikia miwili. Si kuvu halisi. Ni jamaa wa mbali wa mwani. Nilivipenda kidogo, Mungu anisamehe.

Mama Kendi aliinama muda mrefu. "Hii ndio imekula viazi yangu?"

"Ndiyo. Na inashika kwenye nguo zenye umande, inahamia shamba lingine."

Akawageukia wenzake. "Hakuna mtu anaingia kwa Wanja na hii sketi. Endeni mbadilishe, muoshe jembe, mkuje jua ikiwaka. Na mimi mniweke wa mwisho."

Mchana walirudi, wakamaliza kwa Wanja, naye Wanja akavipiga viazi dawa. Ndipo wakaenda kwa Mama Kendi kung'oa mimea yote migonjwa na kuizika. Hakulia. Mimi nililia.

Siku ya kurudi, shamba la Wanja lilikuwa bado kijani, ingawa upepo nao hubeba ugonjwa huo na hakuna aliyejigamba. Nilichojifunza ni kwamba hata mkono mwema huweza kubeba ugonjwa, na mkono huohuo ukiambiwa kwa heshima hubadili njia. Nilipopita kwa Mama Kendi kumuaga, jua lilikuwa limeshakausha majani, na akina mama wote walikuwa shambani mwake, kila mmoja amekuja na miche ya kabeji kutoka bustani yake mwenyewe, ya kupanda palipokuwa na viazi.