Mjomba Lugembe Alipokwenda Likizo

Enzi zetu pale Kwihara, saa ya ukutani ilikuwa pambo tu. Saa ya kweli ilikuwa Mjomba Lugembe, mtangazaji wa asubuhi wa redio ya mjini Tabora. Akisema, "Saa kumi na mbili na robo, mwanafunzi, bado umelala?" tuliruka kitandani, tukanawa maji baridi ya mtungi, tukanywa uji wa karanga na kutia michembe mfukoni, viazi vikavu vya kutafuna njiani. Tuliamini kabisa anatuona.

Asubuhi moja ikatoka sauti ya msichana, inatetemeka: "Naitwa Tausi. Mjomba Lugembe yuko likizo mwezi mzima."

Mama akaacha kukoroga uji. "Likizo? Kazi ya kuongea nayo inachosha?"

Bibi alikata shauri kwamba Lugembe amekufa na sisi tunafichwa. Akalia, akatukataza kucheka ndani ya nyumba.

Siku ya tatu Tausi akakosea saa. Alitangaza saa kumi na mbili na nusu, kumbe ni saa moja na nusu. Tukaenda shule taratibu, tukicheza mdako njiani. Tulipofika na kuliona jua lilivyopanda, tukajua fimbo zinatungoja. Mara mwalimu mkuu akatokea nyuma yetu, anasukuma baiskeli, jasho linamtiririka. Naye alikuwa msikilizaji.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Ingieni darasani, na mtu asiniulize kitu."

Kesho yake Tausi aliomba radhi, akashindwa kumaliza. Tukasikia kwikwi, kisha muziki ukawekwa haraka haraka. Majirani wakasema afukuzwe. Mama akanipa kadi ya salamu, moja ya zile tulizokuwa tukinunua dukani ili zisomwe redioni, akasema, "Andika: Mwanangu Tausi, usilie. Hata jogoo wetu hukosea saa, na hatujamchinja. Ni mimi Mama Shija, Kwihara."

Baba akaipeleka mjini kwa baiskeli, pamoja na chupa ya asali. Tausi alipoisoma hewani alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo sauti yake haikutetemeka tena. Kadi zikamiminika hata kutoka Nzega. Lugembe aliporudi, akakuta watu wanamtaka Tausi. Hakununa. "Basi," akasema, "asubuhi tutakuwa wawili."

Bibi akageukia redio. "Kumbe mzima? Basi anirudishie machozi yangu!"

Siku hizi mtangazaji akienda likizo, picha zake za hotelini zinatufikia kabla hajavua viatu, na redio inarusha vipande alivyorekodi. Juzi nilimwuliza binti yangu, masikio kayaziba kwa vile vidude vyake, "Mbona yule mtangazaji wako wa asubuhi ni vipande vya zamani tu?"

"Yupi, mama?"

Wiki tatu hayupo, naye hajagundua. Nikamtazama mwanangu, nikamwonea huruma kidogo: hajawahi kuona pengo la mtu asiyemjua hata sura.