Gari ya mbio ya Salama haina haraka

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nyuma ya soko la Kibiti. Salama Utenga anafungua vibanio viwili juu ya kioo cha mbele, anapiga goti kwenye kiti, kisha analisukuma paa la gari nyuma kwa mikono miwili. Paa ni la turubai. Linajikunja taratibu, linalala nyuma ya viti, na ghafla hii gari nyekundu ya milango miwili haina juu.

"Beseni! Beseni!" watoto wa jirani wanaita kutoka ukutani.

Salama anaendelea na kazi yake. Anaweka ubao juu ya paa lililokunjwa, juu ya ubao anaweka godoro la sponji, juu ya godoro anatandika doti mpya ya kanga na kuikaza kwa kamba. Anapanda mwenyewe, anajitikisa kushoto, anajitikisa kulia. Ubao hauchezi. Anashuka, anafuta vumbi kwenye taa.

"Hii gari inaweza kukimbia mpaka mia mbili," anasema huku anacheka. "Mimi nikiwa kazini, mshale wa spidi hata haunyanyuki."

Salama ana miaka arobaini na sita. Mjini Kibiti wengi wanamjua kama mama wa viti. Kwa miaka kumi na mitano alikodisha viti vya plastiki, maturubai na masufuria makubwa kwa watu wenye shughuli. Harusi, maulidi, arobaini, kote alikuwa anapeleka vitu vyake kwa toroli na kuvirudisha kwa toroli.

Mwaka juzi akaona video kwenye simu. Bibi harusi wa Dar amesimama ndani ya gari ya wazi, shela linapepea nyuma. Salama anasema aliiangalia mpaka bando likaisha. Kibiti nzima hakuna gari kama ile, akawaza. Mwenye nayo wa kwanza atapata kazi kila wiki.

Mume wake, Ally, ambaye ni seremala, alimuuliza swali moja tu: viti vinatulisha, hiyo gari italisha nani? Salama akamwambia asubiri aone.

Akauza viti mia mbili na maturubai yote. Akaongeza hela ya ufuta wa msimu ule. Zikafika milioni kumi na mbili. Akamchukua Ebenezer, fundi magari ambaye asili yake ni Singida lakini gereji yake iko hapa hapa kando ya barabara ya lami, wakaenda Dar kutafuta.

Waliipata Mikocheni, kwenye banda la mzee mmoja aliyestaafu. Ilikuwa imefunikwa shuka, na paka alikuwa amezalia kwenye kiti cha abiria. Dashibodi ilisoma kilomita elfu thelathini na tatu. Salama alifurahi, Ebenezer akanuna. Anasema siku hizi kilomita zinarudishwa nyuma kama saa ya ukutani, kwa hiyo hakuiangalia dashibodi kabisa.

"Niliangalia raba ya pedali ya klachi," anasema Ebenezer. "Gari iliyotembea sana, ile raba inakuwa laini kama kisigino cha ndala kuukuu. Hii ilikuwa na mistari yake yote. Nikaangalia ukingo wa kiti cha dereva, haujachakaa. Nikamwambia dada Salama, huyu mzee hasemi uongo, hii gari imekaa tu."

Na kweli ilikuwa imekaa. Mzee aliwaambia alikuwa anaitoa Jumapili tu kwenda kununua mkate, na tangu magoti yaanze kumsumbua, kuingia anaweza, kutoka mpaka avutwe.

Walirudi Kibiti na paa likiwa wazi njia nzima. Kilemba cha Salama kiliruka karibu na Mkuranga na hakikupatikana.

Furaha hiyo ilidumu wiki tatu.

Mteja wa kwanza alikuwa na harusi ya binti yake. Kila kitu kilishakubaliwa, mpaka shangazi wa bibi harusi alipokuja kuiona gari. Aliizunguka mara mbili. Akauliza paa liko wapi. Akaambiwa ndiyo uzuri wenyewe, bibi harusi anaonekana na kila mtu.

"Mnataka kumuanika mtoto juani kama dagaa?" shangazi akauliza.

Huku bibi harusi hutoka kwao akiwa amefunikwa, haonyeshwi njiani. Tena hakai peke yake. Pembeni yake anakaa somo yake, yule mwanamke aliyemfunda, na shangazi hawezi kubaki nyumbani. Wakajaribu kufunga paa. Gauni likajaa ndani kama povu, na viti vyenyewe ni viwili tu, kimoja cha dereva. Somo akabaki nje, shangazi akabaki nje, na harusi ikaondoka na gari ya kubebea watu wa msiba, iliyooshwa vizuri.

Watu walimshangaa Salama. Mtu aliyekaa kwenye shughuli miaka kumi na mitano, hajui bibi harusi anatokaje kwao?

"Sikujua kweli," anasema. "Mimi nilikuwa mtu wa viti. Bibi harusi nilikuwa namuona akishakaa. Njiani sijawahi kumuona."

Baada ya hapo kazi hazikuja. Gari ipo chini sana, kwenye mchanga wa mitaani inaburuza tumbo. Mvua ya kwanza ilimkuta paa liko wazi, maji yakajaa mpaka kwenye pedali, na hapo ndipo jina la Beseni lilipopatikana. Akienda sokoni wauza nazi wanamuuliza leo anafulia wapi. Kuku wa jirani alitaga mayai sita kwenye kiti cha abiria, na mwenye kuku akaja kuyadai.

Nyumbani hali ilikuwa siyo. Kazi za Ally peke yake hazikutosha, na viti vya Salama alikuwa anaviona kwenye shughuli za watu, vimeandikwa jina la mtu mwingine. Mwezi wa nne akamwambia Ebenezer amtafutie mnunuzi. Akapatikana mmoja wa Mbagala, akasema atakuja Jumapili na hela yake mkononi.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, Bi Mwanaidi akabisha hodi.

Bi Mwanaidi ana mjukuu wake, Nasma, aliyemaliza kidato cha nne na alikuwa ndani, akifundwa. Siku ya kumtoa mwali ilikuwa Jumamosi. Mwali wa huku akitolewa hatembei. Anabebwa mabegani na wajomba zake, ngoma ya mdundiko inapigwa mbele, anazungushwa mitaa ili watu wote wamuone na kumtuza, na mguu wake haugusi chini mpaka afike kwenye mkeka wa bibi yake. Ngoma ikisimama njiani, au mwali akishuka, ni aibu ya ukoo mzima.

Shida ilikuwa kwa mjomba mkubwa. Khamisi, kaka wa mama yake Nasma, alianguka kutoka kwenye mkorosho huko Mbwara na mgongo ulikuwa bado haujapona. Wajomba wengine wawili ni wembamba. Na Nasma, kwa maneno ya bibi yake mwenyewe, ameshiba.

Bi Mwanaidi alikuwa ameiona ile gari. Akauliza: mwali anaweza kukaa juu pale?

Salama anasema alitoka nje akaitazama gari upya. Bibi harusi anafichwa, lakini mwali anatolewa ili aonekane. Gari aliyoinunua kwa kosa ilikuwa inafaa, ila alikuwa ameipeleka kwa mtu asiye wake.

Aliyebaki kushawishiwa ni Khamisi mwenyewe. Alifika Ijumaa na basi, ameshika kiuno, na alipoambiwa habari ya gari akakataa kukaa.

"Mimi nimetoka Mbwara kuja kubeba," alisema. "Sikuja kutazama injini inambeba mtoto wangu."

Walimbembeleza hadi baada ya magharibi. Mwisho wakakubaliana: Khamisi na wadogo zake watamtoa Nasma mlangoni mabegani, watamuweka kwenye gari, na wakifika kwa bibi watamshusha wao. Katikati, gari. Khamisi alikubali bila kufurahi, akasema gari ikileta ujinga yeye hayumo.

Jumamosi ilipofika mambo yalianza vizuri. Nasma alikaa juu ya godoro, miguu kwenye kiti, amepambwa, macho chini kama alivyofundishwa. Salama kwenye usukani. Na lile kosa la gari kuwa chini likageuka faida, maana mashangazi wafupi walimfikia mwali bila taabu, wakamfuta jasho, wakambandika noti kwenye paji la uso.

Mdundiko hauna haraka. Hatua mbili mbele, mchezo, hatua moja mbele, mchezo. Salama alikuwa anaachia klachi kidogo, anakanyaga, anaachia. Nusu saa hivi. Karibu na soko, pale penye watu wengi kuliko kote, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho na moshi mweupe ukatoka kwenye boneti.

Ebenezer alikuja mbio kutoka gerejini. Akamwambia azime sasa hivi, asipozima injini inakufa na mnunuzi wa kesho atanunua chuma chakavu.

Salama akazima. Gari ikasimama, ngoma bado inapigwa mbele, inazidi kwenda. Nasma kwa mara ya kwanza akainua macho, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nishuke?"

"Usithubutu," Salama akamwambia.

Anasema hapo aliona vyote vimekwisha kwa pamoja. Kazi, gari, na heshima yake Kibiti. Wauza nazi walikuwa wamesimama juu ya makreti ili waone vizuri. Mmoja akasema Beseni limechemka.

Khamisi alikuwa pembeni na kiuno chake. Akavua kanzu, akampa Bi Mwanaidi aishike. Akaenda nyuma ya gari, akaweka viganja viwili juu ya buti, akawatazama wadogo zake.

"Mgongo umekataa kubeba," alisema. "Kusukuma haujakataa. Njooni."

Wakaja. Gari ni nyepesi, ikaondoka. Wapiga ngoma walipogeuka na kuwaona wajomba watatu wameinama nyuma ya mwali wao, wakarudi, wakapiga kuliko walivyokuwa wanapiga. Wanawake wakapiga vigelegele. Salama alibaki na usukani mzito, maana bila injini unakuwa mgumu, na breki ni kama kukanyaga jiwe. Lakini ngoma ikienda hatua mbili wajomba wanasukuma hatua mbili, ikicheza wanaiacha, ikienda wanasukuma. Injini haikuweza kufuata mdundiko vile, miguu ya watu iliweza.

Walifika. Khamisi akamshusha Nasma mwenyewe mpaka kwenye mkeka, kisha akalala chali pembeni ya mkeka na akagoma kuinuka mpaka apewe chai.

"Nimembeba," alikuwa anawaambia watu akiwa amelala. "Mtu asiseme sikumbeba."

Kesho yake mnunuzi alikuja kutoka Mbagala. Alikuta wanawake wawili kutoka kijiji cha Mkongo wamekaa kibarazani kwa Salama, kila mmoja ana mwali wake wa kutolewa mwezi wa sita, na wanagombea tarehe. Salama akampa yule mgeni soda na kumuomba radhi. Ebenezer, ambaye udalali wake ulipotea hapo hapo, alikunywa soda ya pili kwa hasira.

Ebenezer alipoifungua gari aligundua feni ya rejeta haizunguki. Barabarani upepo ulikuwa unasaidia, kwenye mwendo wa ngoma hakuna upepo. Akaweka feni nyingine. Sasa Beseni linaweza kwenda taratibu kutwa nzima bila kuchemka.

Lakini wateja hawaitaki injini.

"Nawaambia feni imepona, wanasema asante, zima," anasema Salama. "Wajomba wamesikia habari ya Khamisi. Kila mjomba sasa anataka kusukuma. Wengine wananunua viatu vya raba vipya kwa ajili ya siku hiyo."

Shughuli moja anatoza elfu tisini, na msimu ukikolea, baada ya mavuno na baada ya mitihani, anapata mbili mpaka tatu kwa wiki. Ameshanunua tena viti sitini. Ally ndiye aliyetengeneza ule ubao wa kukalia, na siku hizi akiulizwa gari ni ya nani anasema ni yetu.

Kilomita bado ni chache. Kwa mwaka mzima hazijaongezeka hata elfu moja, maana kutoka nyumba hadi nyumba ni mwendo wa kuku. Ebenezer anamlazimisha aitoe mara moja kwa mwezi ili injini isilale, basi Salama na Ally wanakwenda mpaka Ikwiriri na kurudi, paa wazi. Salama anavaa vilemba viwili, kimoja juu ya kingine.

Leo mwali ni wa mtaa wa pili. Wakati Salama anakaza kamba ya mwisho ya kanga, simu inaita. Ni mama mmoja wa Maparoni, huko delta, kwenye mito na mikoko. Ni mara ya tatu anapiga wiki hii. Anataka Beseni kwa mwali wake mwezi wa kumi na mbili.

Salama anaongea naye akiwa ameegemea mlango. Akimaliza anaeleza kwamba Maparoni gari haifiki. Ni boti, halafu mchanga na tope, halafu nyumba. Ameshaongea na nahodha mwenye boti pana ya kubebea mpunga, na nahodha amekuja kuipima gari kwa kamba, akasema mbao mbili nene zikipatikana itapanda. Ebenezer anasema ni wazimu. Ally ameshaanza kutafuta mbao.

Na kule kusiko na barabara, gari itapitaje?

"Sikuuliza habari ya barabara," Salama anasema, anaingia nyuma ya usukani na kufunga mlango. "Niliuliza mwali ana wajomba wangapi. Wakaniambia saba. Nikasema nakuja."