Majivu Ndani ya Chuma

Darius Mbonigaba hajui kutulia. Hapa Masisi wenzake wakipumzika baada ya kupalilia maharage, yeye anazunguka sufuria lake la maji ya kijani kama mama mwenye mtoto wa homa. Ndani mna chumvi ya nikeli iliyoyeyushwa majini. Hahitaji umeme: anapasha kwa makaa, karibu na kuchemka, na nikeli inajishika yenyewe juu ya chuma, ikawa ngozi ya kung'aa isiyoshika kutu. Ila dawa ile ina madeko, nakwambia! Ikipoa, nikeli inalala. Asidi ikipungua, maji yanapata ukungu, chuma kinatoka na vipele, halafu ngozi inabanduka.

Na ilibanduka kweli. Séraphin, dereva wa pikipiki, alimletea vyuma viwili vya mbele vyenye uwazi ndani, vile vinavyopanda na kushuka kwenye mashimo. Mwezi haukuisha, ngozi ikatoka, naye akatangaza kwa madereva wote. Sasa amevirudisha. Darius amemwahidi mkewe Anastasie kwamba vikiharibika tena, anamwaga dawa na kurudia jembe.

Alivisafisha, akapima asidi kwa karatasi inayobadili rangi, ikaonyesha rangi nzuri. Akatoka mbio kutafuta makaa. Aliporudi, vyuma vilikuwa tayari vimo sufuriani na maji yameanza ukungu.

"Nani aligusa?"

"Njo mimi," Anastasie akajibu. "Nilivisugula tena na majivu, vile tunasugulaka masafuria ya maziwa, nikavitia mu dawa. Na mara ile ingine pia. Nilitaka kazi yako ing'ae."

Darius akavitoa. Majivu yakachuruzika kutoka ndani ya vyuma; hayo ndiyo yaliyokuwa yakiua asidi. Alitaka kupiga kelele, na kwa kelele tunamjua. Lakini aliona vidole vya mkewe, vyekundu kwa kusugua, akashindwa.

Wakaacha dawa ipoe, wakaichuja kwa kitambaa cha jibini, akaongeza asidi tone kwa tone mpaka karatasi ikarudia rangi yake. Safari hii vyuma vilisuuzwa nje na ndani, ndipo vikarudi sufuriani.

Séraphin alikuja na kisu. Akakwaruza, akakwaruza tena. Hakikutoka kitu.

"Sasa Papa Darius, mara ya kwanza ilikuwa nini?"

"Ilikuwa mikono yangu. Nilifanya haraka."

Anastasie, aliyekuwa akichambua maharage hapo mlangoni, aliinama na hakuinua kichwa mpaka pikipiki ikapotea kilimani. Kesho yake, kabla Darius hajawasha makaa, alikuta ndoo mbili za maji ya kusuuzia zimejaa kando ya sufuria.