Kiwanja Namba Mbili na Nusu

Baraza la Mji, baada ya kupitia kwa kina ramani za kale na kujiridhisha pasipo shaka yoyote, liliwatangazia wananchi wote kwamba eneo lililo nyuma ya gati la zamani ni nchi kavu tangu enzi za mababu. Tena mababu hao hao, kwa busara yao, walikwisha kuligawa katika viwanja vyenye namba. Kilichobaki kwa Baraza ni kuiheshimu kazi yao na kugawa.

Tangazo lilipigwa mhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu, kama mhuri ulioona haya. Zaidi ya mhuri huo, hakuna mwingine aliyeona haya.

Aliyelisoma hadi mwisho alikuwa mtunza ramani wa ofisi ya ardhi, mtu ambaye hata mkewe alimwita Rula. Rula alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika chumba cha mwisho wa ujia, kati ya makabati ya chuma yenye droo pana. Droo ya sita ilikuwa na kutu na haifunguki bila kupigwa teke. Kabla ya kugusa ramani alinawa mikono kwa sabuni, akakausha kidole kimoja kimoja, na wenzake wakamuuliza mgonjwa analetwa saa ngapi. Katika miaka yote hiyo ofisi ilimuuliza maswali mawili tu ya kikazi: ufunguo uko wapi, na chai imeshaletwa?

Juu yake, kwa cheo na kwa ghorofa, alikaa Mtaalamu wa mipango miji. Cheti chake kilitundikwa juu sana ukutani, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kukisoma bila ngazi. Mtaalamu alishuka kwa Rula mara moja, akaazima ramani kongwe kuliko zote, iliyochorwa na mabaharia wa meli fulani waliopita pwani hiyo, akaondoka nayo bila kunawa. Aliilaza kwenye mashine ya kunakili. Kioo cha mashine kilikuwa kidogo kuliko ramani, kwa hiyo kona ya chini, yenye maandishi madogomadogo, ilibaki nje ikining'inia. Ramani akairudisha siku hiyo hiyo, nakala akabaki nayo.

Kwenye nakala alikuta mstari wa ufuko, na nyuma ya gati, namba zimetawanyika kama punje za mahindi zilizomwagika. Mtu wa kawaida angejiuliza. Mtaalamu hakuwa mtu wa kawaida. Alichukua kalamu na rula, akazizungushia kila moja mipaka, akapata viwanja sitini na kimoja.

Ilikuwepo mikwamo midogo. Namba tatu ilijitokeza mara tisa. Mtaalamu akalieleza Baraza kuwa huo ni mgawanyo wa urithi kati ya ndugu. Na hizi zenye nusu? Hao, bila shaka, walikuwa wadogo zao. Wajumbe waligonga meza kwa furaha. Ni mara chache mtu hupata mababu wenye mpangilio kiasi hicho.

Rula alikuwa na dada mkubwa, fundi cherehani, mwenye nyumba ya vyumba viwili mahali ambapo barabara ilitakiwa kupanuliwa. Nyumba ingebomolewa. Badala yake alipewa kiwanja nyuma ya gati, na barua ilimtaka aje kusaini Ijumaa, la sivyo akose vyote viwili. Jumatano alishuka nayo hadi chumba cha ramani, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"We Rula, hebu nisomee hapa. Mbili na nusu hii ni kiwanja au ni kitambaa cha gauni?"

Rula akanawa mikono. Akaipiga teke droo ya sita, akaikunjua ramani ya mabaharia, akaweka kidole kwenye ile kona ya chini.

"Hapa wameandika kwamba namba zote ni kina cha maji, Dada. Kwa pima. Pima moja ni mikono yako miwili ukiinyoosha."

Fundi akanyoosha mikono, akajitazama upande huu na upande huu, kisha akaongeza nyingine moja na nusu kichwani.

"Yaani cherehani yangu niiweke huko chini?"

"Hapo palikuwa mkono wa bahari. Tope likajaa, halafu walipobomoa maghala ya gati wakamwaga kifusi juu yake. Majani yakaota. Sasa wanasema nchi kavu."

"Na bahari imeambiwa?"

"Sidhani kama ilipata barua."

"Sasa wewe umekaa na hii karatasi miaka yote hiyo unaifuta vumbi tu? Si uwaambie!"

Alhamisi Rula aliingia kwenye kikao cha Baraza, kwa mara ya kwanza maishani, ramani ikiwa kwapani na mikono ikinukia sabuni. Alisoma maneno ya ile kona polepole, neno kwa neno. Mtaalamu alimsubiri amalize, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

"Mzee wangu, tunakuheshimu sana. Ila kutunza karatasi ni kazi moja, na kuzielewa ni kazi nyingine."

Wajumbe wakacheka. Mjumbe mmoja, ambaye hakuwa amesikia, alicheka zaidi. Mwenyekiti akainua mkono, akamgeukia Rula kwa sauti ya kibaba.

"Hiyo kona unayoisoma, ipo kwenye nakala ya Baraza?"

"Haipo, Mheshimiwa. Haikuingia kwenye kioo."

"Basi kwa mujibu wa kumbukumbu za Baraza, haipo."

Meza zikagongwa. Na ili kuwaonyesha wenye mioyo myepesi jinsi kiongozi anavyoamini kazi ya mababu, Mwenyekiti akatangaza palepale kwamba naye atajenga huko nyumba ya ghorofa. Alichukua namba tano. Ilikuwa moja tu, kwenye ncha ya eneo, na ndiyo namba kubwa kuliko zote. Cheo chake kisingemruhusu kukaa kwenye tatu.

Rula akaikunja ramani. Akatoka nayo kwapani. Nje, dada yake alikuwa anamsubiri kwenye ngazi.

"Wamesemaje?"

"Wamecheka. Sikiliza, Dada. Kesho usikatae kiwanja. Omba kisicho na namba."

Kwenye ramani, kando ya zile namba, palikuwa na kipande kilichochorwa vinukta na vistari vifupi. Rula aliijua alama hiyo: mwamba, usiofikiwa na maji hata yakijaa. Mabaharia hawakuupima kwa sababu hakuna anayeshusha kamba kwenye jiwe. Kwenye nakala, Mtaalamu, alipokosa namba, alikipaka rangi ya kijivu na kuandika juu yake: Eneo lisilofaa.

Ijumaa fundi akasimama mbele ya meza ya Mtaalamu.

"Mwanangu, mbili na nusu siitaki. Wateja watanicheka, wataniita fundi nusu."

"Mama, vizuri vyote vimeshakwisha."

"Basi nipe kibaya. Hicho cha kijivu."

Mtaalamu alimtazama kwa huruma iliyosomewa.

"Pale ni mawe matupu. Hata mababu walipakataa."

"Mababu hawakuwa na cherehani. Andika, mwanangu, nina suruali za watu zinanisubiri."

Akaandika, na kwenye nafasi ya maoni akaongeza: Amepewa kwa ukaidi wake mwenyewe. Fundi alisaini, akadai nakala, akadai na mhuri upigwe mara mbili kama wa tangazo. Majirani wawili walimfuata kwenye kijivu. Wengine walioelezwa habari ya pima walitikisa kichwa wasiamini. Hawa wawili walitaka tu kukaa karibu na fundi.

Tangazo la Baraza halijafutwa. Bado liko ukutani, limepauka, mhuri wa pili ukiwa hafifu kama wa kwanza. Fundi anashona juu ya jiwe lake, mlango wazi, sakafu kavu. Msingi wa nyumba ya Mwenyekiti, kiwanja namba tano, ulimalizika mapema kuliko yote. Unaonekana vizuri kabisa maji ya bahari yakipwa.